Hapa, Huku na Humu: Undugu na Nafasi ya Kijamii katika Michoro ya Stacey Gillian Abe, kwa Mtazamo wa Arua na Koboko

Ikisiri

Makala hii inahakiki michoro ya Stacey Gillian Abe, mchoraji wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1990, hususan ile iliyoonyeshwa London mwaka 2022 chini ya jina Shrub-let of Old Ayivu. Usomaji uliozoeleka wa michoro hiyo huanzia na kuishia kwenye rangi ya nili inayofunika ngozi za wahusika wake. Makala inadai kwamba usomaji huo umeiacha nyuma Ayivu, mahali panapotajwa katika jina la maonyesho, na kwamba undugu katika michoro hii unabebwa zaidi na uzi na jina kuliko rangi. Kwa kutumia ngeli ya mahali ya Kiswahili kama kitendea kazi cha uhakiki, makala inaonyesha nguvu ya michoro hiyo pamoja na upungufu wake, kisha inatoa mapendekezo kuhusu lugha na mahali pa kuitazamia katika eneo la Nili Magharibi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayesafiri kutoka Vurra, mpakani mwa Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, hupita katika barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 92. Katika safari hiyo fupi atasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili. Ni nadra eneo dogo namna hiyo kubeba lugha nyingi kiasi hicho. Hata hivyo, kwa mkaaji wa Kampala au wa Ulaya, taswira za Nili Magharibi zimekuwa chache na zenye kujirudia: askari wa enzi ya Idi Amin, na mkimbizi aliyesimama mbele ya hema. Taswira ya pili iliongezewa nguvu tangu Agosti 2016, kambi ya Bidibidi ilipofunguliwa wilayani Yumbe kuwapokea watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini.

Ni katika mazingira hayo ya kitaswira ambapo kazi ya Abe inapaswa kupimwa. Mchoraji huyu alihitimu Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2014, na kabla ya kujikita katika uchoraji alifanya pia kazi za usanikishaji, picha na sanaa ya kutenda. Katika michoro yake anachora watu, aghalabu wanawake, ambao ngozi zao ni za rangi ya nili. Wahusika hao huketi, hujiegemeza au hujilaza. Baadhi humkazia macho mtazamaji. Mavazi na maua yanayowazunguka mara nyingi hayakuchorwa kwa brashi pekee, bali yametariziwa kwa mkono, uzi ukipenya turubai lenyewe. Kazi hizi zina sura ya tawasifu, kwani msanii hurejelea kumbukumbu zake na hata umbo lake mwenyewe.

Swali linaloongoza makala hii ni moja: michoro hii inamhusisha nani na nani, na inawakutanisha wapi? Swali hilo si la kisanaa tu. Wanaopanga sera za utamaduni na lugha katika Afrika Mashariki wanahitaji kujua ni nini hupotea pale kazi inayobeba jina la mahali fulani inaposomwa bila mahali hapo.

2.0 Rangi ya nili: kutoka kaniki hadi ngozi

Maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu rangi ya wahusika wa Abe huielekeza kwenye historia ya biashara ya nili na utumwa. Maelezo hayo yana msingi. Katika karne ya 18 nili ilizalishwa huko South Carolina kwa nguvu za Waafrika waliotumikishwa, na mwaka 1859 wakulima wa Bengali waliasi dhidi ya wenye mashamba waliowalazimisha kuipanda. Kuipaka ngozi ya mtu mweusi rangi hiyo ni kumvika bidhaa ambayo mwili wake ulitumiwa kuizalisha, kisha kuigeuza bidhaa hiyo kuwa fahari.

Upungufu wa maelezo hayo ni kwamba yanaweza kutolewa kuhusu mchoraji yeyote wa asili ya Kiafrika, popote alipo. Kiswahili kinaweza kuyasogeza karibu zaidi na nyumbani. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, nguo iliyotiwa nili ilikuwa na jina lake: kaniki. Katika Zanzibar ya karne ya 19, kaniki na merikani zilikuwa mavazi ya watumwa na maskini. Baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na kuvaa kanga za rangi na nakshi, na kwa tendo hilo wakatangaza uungwana wao. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, nili haikuwa rangi ya mwili bali ya nguo, na nguo hiyo ilitangaza daraja la mvaaji.

Tukiitazama michoro ya Abe kwa kumbukumbu hiyo, tunaona mpangilio uliopinduliwa. Nili imehama kutoka kwenye nguo na kuingia kwenye ngozi, na nguo, baada ya kuachwa huru, imepata maua, nakshi na uzi. Alama iliyowahi kumwekea mtu mpaka kutoka nje sasa inatoka ndani yake, naye amejichagulia la kuvaa juu yake. Haidaiwi hapa kwamba msanii aliifikiria kaniki. Kinachodaiwa ni kwamba msomaji wa Kiswahili anayo haki na nyenzo ya kuisoma rangi hiyo kutokana na historia ya ukanda wake.

Kuna jambo la pili la kilugha. Katika Kiswahili, nili ni rangi, na Nili ni mto. Jina la eneo lenyewe, Nili Magharibi, linabeba neno linalotamkwa sawa na jina la rangi ya wahusika. Sadfa hii ya matamshi haithibitishi chochote kuhusu nia ya mchoraji, na mhakiki makini hataijengea hoja nzito. Lakini sadfa nazo hufanya kazi katika masikio ya wasomaji. Mwanafunzi wa Koboko akiambiwa kwamba watu wale ni "watu wa nili", atasikia mambo mawili kwa pamoja, na usikivu huo utamrudisha katika eneo ambalo usomaji wa jumla umelisahau.

3.0 Uzi na jina: undugu unakokaa

Ikiwa rangi ndiyo inayoonekana kwanza, uzi ndio unaofanya kazi kubwa zaidi. Uchoraji wa Uganda una historia ndefu ya kutenganisha sanaa na kazi za mikono. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, ndiye pia aliyechapisha pamoja na Klaus Wachsmann uchunguzi mkubwa wa kazi za mikono za Uganda mwaka 1953. Mtu mmoja alishughulikia pande zote mbili, lakini taasisi zilizofuata ziliziweka katika vyumba tofauti: uchoraji katika jumba la sanaa, ususi na ushonaji katika makumbusho au sokoni. Kutarizi kukahesabiwa kuwa kazi ya sebuleni, ya vitambaa vya makochi na mashuka, tena kazi ya wanawake.

Abe anaziunganisha pande hizo juu ya turubai moja. Matokeo yake si mapambo tu. Brashi hugusa uso wa turubai na kuondoka, ilhali sindano hupita upande wa pili na kurudi. Kila ua lililotariziwa lina nyuma yake ambayo mtazamaji haioni, yenye mafundo na nyuzi zilizokatwa. Ustadi wa namna hii kwa kawaida haufundishwi kwa maandishi. Hupokezanwa na watu walioketi pamoja, mmoja akitazama mikono ya mwingine. Kwa hiyo hata pale mhusika anapochorwa peke yake, uzi unashuhudia kwamba hayuko peke yake, kwa kuwa kuna mikono iliyotangulia. Undugu katika michoro hii hauonyeshwi kwa watu kukumbatiana, bali umo katika namna ya kutengeneza picha.

Shahidi wa pili wa undugu ni jina la maonyesho. Ayivu ni jina la watu na ni jina la mahali. Hilo si jambo geni kwa Walugbara. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake miongoni mwao mwaka 1949, alieleza neno suru kuwa linataja kundi la watu wanaojiona na kuonwa na wengine kuwa wamoja kwa nasaba na kwa eneo wanaloishi. Kwa mujibu wa neno hilo, kusema mtu ni wa ukoo gani na kusema anatoka wapi ni karibu tendo moja. Simulizi za asili hufanya vivyo hivyo: mashujaa Jaki na Dribidu, wanaohesabiwa kuwa wazee wa koo za Kilugbara, wanahusishwa na milima miwili, Liru ulioko upande wa Koboko na Eti ulioko kusini yake.

Tafsiri ya jina hilo kwa Kiswahili inafichua kilichomo ndani yake. Neno la kwanza la Kiingereza ni la kubuniwa na lina udogo ndani yake. Kulifasiri kuwa "kijichaka" kungetoa picha ya mmea uliojiotea na unaoficha kitu. "Mche" kungeleta mkono wa mpandaji na uwezekano wa kuhamishwa. "Chipukizi" ndilo neno linalofaa zaidi, kwa sababu huchipuka kutoka katika shina au mzizi uliokuwepo, hata shina hilo likiwa limekatwa. Hapo sarufi inadai uamuzi. Tukisema "Chipukizi la Ayivu ya Kale" tumetaja mmea. Tukisema "Chipukizi wa Ayivu ya Kale" tumetaja mtu. Kiingereza hakimlazimishi msomaji kuchagua, na michoro yenyewe, iliyojaa maua yanayowakaribia wahusika hadi kuwagusa, inafaidika na utata huo. Hata hivyo, makala hii inapendekeza "wa". Mhusika wa Abe ana macho yanayotazama, na anayetazama hustahili upatanisho wa kiutu.

4.0 Hapa, huku na humu

Ngeli ya mahali ya Kiswahili hutofautisha mambo ambayo lugha nyingine huyaacha pamoja. "Hapa" ni mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. "Huku" ni upande au eneo lisilo na mipaka ya wazi. "Humu" ni ndani ya kitu. Tofauti hizi tatu zinaweza kutumika kupima nafasi ya kijamii katika mchoro wowote.

Kwa kulinganisha, Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ni mchoraji wa "hapa". Baada ya kuhudhuria mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakati wa uchaguzi wa mwaka 2017, alichora mfululizo wa kazi zenye umati, miti iliyokwewa na watu, na mabango. Anachora juu ya lubugo, nguo ya magome ya mti ya Buganda, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Matundu na mishono ya lubugo huachwa yaonekane. Kwa Armitage, mshono uko katika ardhi ya picha, na watu wanakutana hadharani, mahali panapojulikana na katika mwaka unaojulikana. Mahali hapo pana majadiliano, na pana hatari pia.

Abe ni mchoraji wa "humu". Wahusika wake wako katika ndani fulani: ndani ya chumba, ya kumbukumbu, ya ndoto. Pale mandharinyuma inapokuwa rangi tupu au bustani isiyo na majira, "humu" hiyo imezungukwa na "huku", yaani upande fulani wa dunia usiotajwa. "Hapa" haionekani. Haina soko la Arua, haina mlima, haina barabara. Imebaki katika jina peke yake.

Je, huo ni upungufu? Jibu lina pande mbili, na zote zinastahili kusikilizwa. Upande wa kwanza ni kwamba kuondoa mahali ni tendo la kukataa. Mwanamke wa Nili Magharibi akionekana katika ripoti, kwa kawaida huonekana akifanya kitu au akisubiri kitu: amebeba maji, amepanga foleni, ameshika kadi ya mgao. Mazingira yake huonyeshwa kwa undani ili yathibitishe shida yake. Kumchora mwanamke ameketi, hana kazi mkononi, hana hema nyuma yake, na hadaiwi maelezo, ni kumrudishia faragha. Kwa mantiki hiyo utupu wa mandharinyuma ni haki aliyonyimwa kwingine.

Upande wa pili ni kwamba utupu huo unalisaidia soko. Picha isiyo na mahali hutundikika ukutani popote, na mnunuzi hahitaji kuuliza Ayivu iko wapi. Maelezo ya jumla kuhusu nili na mwili mweusi huziba pengo hilo kwa urahisi. Aidha, undugu usio na mahali unaweza kugeuka kuwa hisia tu. Neno suru linakumbusha kwamba kwa Walugbara ujamaa una ardhi chini yake. Mtu hana ndugu hewani. Hapo ndipo michoro hii inapoacha deni. Inatumia jina la mahali kama dhamana ya ukweli wake, lakini haimpi mtazamaji njia ya kufika huko.

Uamuzi wa makala hii ni kwamba ukataaji huo una nguvu kubwa kuliko upungufu wake, kwa sharti moja: jina lisomwe. Bila Ayivu, michoro hii ni mizuri na ya upole. Pamoja na Ayivu, inakuwa na historia ya kujibu.

5.0 Ayivu ya kale, Ayivu ya sasa, na mzigo wa lugha

Neno "kale" katika jina la maonyesho lina uzito wa kiutawala. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipata hadhi ya jiji, na Ayivu, iliyokuwa kaunti, ikawa moja ya divisheni zake mbili. Ayivu ya sasa ni viwanja, hati na makadirio ya kodi. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi mwaka 1910, kisha Sudan, kisha Uganda kuanzia mwaka 1914. Mwaka 1979, baada ya kuanguka kwa Amin, na katika miaka iliyofuata, sehemu kubwa ya wakazi walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Chipukizi wa Ayivu ya Kale, basi, ameota katika shina lililokatwa zaidi ya mara moja. Michoro haisemi hayo, na si lazima iyaseme. Lakini mhakiki anayeyafahamu ataelewa kwa nini mtu kuketi kwa utulivu si jambo dogo.

Mtazamo wa Koboko unaongeza swali la lugha. Wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, ni nyumbani kwa Wakakwa, ambao wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu, na pia ina jamii ya Wanubi. Amin, ambaye ukoo wake wa upande wa baba unahusishwa na Koboko, ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973. Askari wake walikizungumza. Na majeshi ya Tanzania yaliyomwondoa yalikizungumza pia. Kwa wazee wengi wa eneo hili Kiswahili kilisikika kambini na kizuizini kabla ya kusikika darasani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ukakiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu matumizi yake rasmi.

Sera hizo zinakipeleka Kiswahili Koboko kwa mara nyingine kutoka juu. Uhakiki wa sanaa unaweza kuwa mojawapo ya njia chache za kukipeleka kwa upole. Mtu anayetumia lugha kueleza uzi, ua na mkao wa mtu aliyepumzika anajifunza kwamba lugha hiyo ina kazi nyingine zaidi ya kuamuru. Sharti lake ni kwamba Kiswahili kisiwe cha kwanza kusema. Suru inapaswa kubaki suru, nacho Kiswahili kije baada ya Kilugbara na Kikakwa kama lugha ya kuwakutanisha majirani.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba katika michoro ya Stacey Gillian Abe undugu unabebwa na uzi na jina, na kwamba rangi ya nili, pamoja na umashuhuri wake, hupata maana kamili inaporudishwa katika historia ya nguo na ya mahali. Imeonyesha pia kwamba michoro hiyo ina "humu" yenye nguvu na "hapa" iliyo dhaifu, na kwamba udhaifu huo unaweza kufidiwa na wasomaji wake, wakipewa nafasi. Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vyuo vinavyofundisha sanaa kuandaa istilahi za sanaa za maonyesho. Istilahi hizo zianzie kwenye maneno yaliyomo tayari katika ufumaji, utarizi na upakaji rangi, badala ya kuanzia kwenye tafsiri za istilahi za Kiingereza.

Pili, Jiji la Arua, linapopanga maeneo yake mapya, litenge ukumbi wa umma wa kutazamia sanaa. Mfano upo: taasisi ya sanaa ya kisasa ambayo Armitage aliianzisha Nairobi mwaka 2020 imesaidia kazi za wasanii wa Afrika Mashariki kuonekana na kujadiliwa katika ukanda huu wenyewe. Nakala bora za picha, zikiambatana na mazungumzo ya wazi, zingetosha kwa kuanzia.

Tatu, vibandiko vya maelezo katika ukumbi wa namna hiyo viandikwe kwa Kilugbara na Kikakwa, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Mpangilio huo ni sehemu ya maelezo yenyewe.

Nne, walimu wa Kiswahili na wa Sanaa na Usanifu katika shule za sekondari wawape wanafunzi kazi ya pamoja: kueleza mchoro mmoja kwa kutumia hapa, huku na humu. Mwanafunzi wa Koboko anayejua Liru ilipo ataona katika michoro hii jambo ambalo mtazamaji wa London hakuwa na njia ya kuliona, na maelezo yake yatakuwa mchango katika uhakiki na si zoezi la sarufi peke yake.